Msitu wa Rau (Moshi): chini tope tupu, mfereji wa jirani mkavu. Maji yanakwenda wapi?

#1 Mzururaji wa Jumamosi
Wakuu, salaam.

Nilikuwa Moshi kwa shughuli ya harusi, asubuhi nikawa sina kazi, nikachukua bodaboda hadi msitu wa Rau. Miaka yote naupita nikienda kwa wajomba, kuingia sijawahi. Aisee! Unatoka mjini, hujakaa sawa kwenye pikipiki, uko chini ya miti ambayo ukiinua uso kofia inadondoka. Mbega wamejaa huko juu, wanakutazama kama una deni lao. Kuna mvule mmoja mwongozaji kasema ndio mti mrefu kuliko yote Afrika.

Sasa swali. Huu ni mwezi wa tisa, mvua hakuna, lakini mle ndani nimekanyaga tope mpaka kwenye vifundo. Maji yanachuruzika katikati ya mizizi. Tukatokea upande wa mashamba ya mpunga tukafuata mfereji wa zege: mkavu! Mchanga na chupa za plastiki. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia kaniambia pale maji hayajapita wiki nzima. Msitu umeloa, mfereji uko ubavuni mwake umekauka. Mwongozaji anasema theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaisha. Wajuzi naomba shule.

Picha zinagoma kupanda.

#2 Kaa Chonjo
Uzi bila picha hatusomi.

#3 Kidato cha Nne C
Mwongozaji yuko sahihi. Kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85. Barafu ikiisha mito inakauka. Hesabu nyepesi.

#4 Bwana Miti Mstaafu
Kidato cha Nne C, hiyo 85 ni kweli. Hitimisho ndilo bovu.

Barafu iliyobaki juu ni kidogo mno kulisha mito, na sehemu kubwa yake hugeuka mvuke juani bila hata kupitia kuwa maji. Maji tunayoyaona huku chini yanatokana na mvua ya ule mkanda wa msitu wa mlimani. Upande wa kusini, juu ya mashamba ya migomba, inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Moshi mjini haifiki nusu ya hapo. Mvua hiyo inazama kwenye miamba ya volkano, inasafiri chini kwa chini, inakuja kutokeza tambarare mlima unapoishia. Rau umekaa hapohapo. Ni msitu wa maji ya ardhini, haungoji mvua ya Moshi, ndiyo maana mwezi wa tisa umechafua viatu. Ukiondoa hayo maji ya chini, pale pangekuwa na migunga na vichaka kama kwingine kote ukielekea mashamba ya miwa ya TPC.

Halafu huo mvule. Ni mrefu, ni wa kuheshimiwa. Lakini mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika uko juu mlimani, kwenye bonde moja la Kilimanjaro hiyohiyo: Entandrophragma excelsum, ukoo mmoja na mkangazi, mita 81.5. Habari zake zilitangazwa 2016. Ukiwa Rau, omba uonyeshwe msoo (Oxystigma msoo). Mivule utaikuta sehemu nyingi Afrika, msoo hauko popote ila pembe hii yetu, na Rau ndiyo nyumbani kwake. Watu wanaupita bila kuuangalia, wanakimbilia kupiga picha mvule.

#5 Mzururaji wa Jumamosi
Shukrani mzee wangu. Huenda alimaanisha mrefu kuliko mivule mingine yote, kelele za mbega zilikuwa nyingi. Msoo sikuonyeshwa.

#6 Mama Jaruba
Mimi nalima Mabogini. Mleta uzi, mfereji ule unaoongelea si mto. Maji yanakwenda kwa zamu. Mfereji mkuu unagawa kwenye mifereji midogo, kuna milango. Mlango wa kwenu ukifungwa mfereji wenu unakauka kabisa, unaweza kuanika mpunga ndani yake. Wenzenu wakimaliza zamu unafunguliwa. Ungekuja siku nyingine ungekuta maji yanafika kiunoni, usingeanzisha uzi.

Ila huyo mama hajakudanganya. Wiki nzima kwa mwezi huu inatokea. Walioko mwisho wa mfereji ndio wanaolia, maana maji yakiwa machache huishia kwa walio mwanzo. Usiku ndiyo kabisaa, watu wanaamka na matochi kulinda zamu yao.

#7 Banio la Zege
Naongezea kwa Mama Jaruba. Nilifanya kazi za umwagiliaji ukanda huo miaka ya nyuma.

Ile ni skimu ya Lower Moshi, ilikamilika 1987 kwa msaada wa Japani. Ina mabanio mawili, yaani vizuizi vya mtoni vinavyogeuzia maji mfereji: moja linachota mto Njoro, ambao unatokana na chemchemi, na jingine linachota mto Rau. Hesabu ya awali ilikuwa hekta 2,300, kati ya hizo 1,100 za mpunga na zilizobaki za mahindi na mazao mengine.

Sasa sikia, mleta uzi, maana swali lako lina mtego. Mfereji haunywi maji ya msitu unaopakana nao. Maji yake yamechotwa kwenye banio huko juu. Mfereji wa umwagiliaji hupitishwa pahali palipoinuka ili maji yashuke yenyewe kwenda mashambani bila pampu. Msitu uko bondeni, unapata ya chini. Hayo ni maji mawili tofauti yanayopita jirani bila kusalimiana.

Kilichokausha mfereji ni mafanikio. Mbegu ya mpunga ya IR54, mbolea, kupandikiza kwa mistari: watu waliozoea tani mbili kwa hekta wakaanza kuvuna sita na zaidi. Jirani aliyeko juu ya banio aliona, naye akachimba mfereji wake. Na mwingine. Na mwingine. Mto ni uleule, mpunga umeongezeka, maji yanaliwa kabla hayajafika kwenye banio. Miaka ya tisini tayari ugomvi ulikuwa mkubwa.

#8 Wa Juu Kidogo
Nilijua tutafika hapa. "Jirani aliyeko juu ya banio." Sema tu wezi.

Shamba ninalolima alilima babu. Mto unapita pale toka hatujazaliwa. Akaja mtaalamu na ramani, akaweka banio chini yetu, akapiga hesabu kana kwamba huku juu pana nyani tupu. Halafu tukimwagilia tunaambiwa tunaiba maji ya mradi. Mradi ndio uliotukuta.

#9 Banio la Zege
Hakuna aliyesema wizi. Nimesema hesabu. Kabla ya 1987 huko juu mlikuwa mnalima mpunga kwa kiasi hicho? Mpunga unahitaji jaruba lijae, mahindi na maharage hayahitaji hivyo.

#10 Wa Juu Kidogo
Na mbegu tuliipata wapi kama si kwenu? Mlitufundisha wenyewe. Pale Chekereni kuna chuo kizima cha kufundisha mpunga. Sasa mwanafunzi kafaulu mmenuna.

#11 Kaa Chonjo
😂😂 Hapo 10 kapiga kwenye mshono.

#12 Mzee wa Uru
Vijana, mnaongea maji ya Moshi mnaanzia 1987! Mbona mmeacha mfongo?

Huku mlimani tulichimba mifereji karne nyingi kabla ya zege. Wamisionari wa kwanza walipofika Uchaggani miaka ya 1840 waliikuta inafanya kazi. Mfongo unatoka kwenye korongo juu kabisa, unaufuata ubavu wa kilima maili na maili mpaka kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, na palipo na bonde maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa. Kila mfongo una ukoo wake na mkuu wake. Usiku maji yanalazwa bwawani, tunaita nduwa, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Siku ya kusafisha kila nyumba inatoa mtu. Asiyekuja anatozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na asipotoa mbege hapati maji. Haikuhitaji afisa.

Na jambo hili mhandisi atanielewa. Banio letu lilikuwa mawe, matawi na magogo ya migomba. Linavuja. Yale yanayovuja ndiyo yaliyokuwa yanafika kwenu tambarare. Siku hizi wameleta zege kwenye mabanio ya huku juu pia, hayavuji, mnashangaa mto umekuwa mwembamba.

#13 Mama Jaruba
Mzee hapo kwenye mbege rudisheni utaratibu, hata huku chini. Siku ya kusafisha mfereji wanakuja wanawake tu, wanaume "wana dharura".

#14 Banio la Zege
Mzee wa Uru, la banio linalovuja nakubaliana nalo nusu. Kweli, banio la zege linakamata zaidi. Lakini mfongo wa udongo nao unavujisha njiani, maji mengi yanazama ardhini kabla ya kufika shambani. Ukiweka zege kwenye mfereji, unahitaji kuchota kidogo kupata kilekile.

#15 Bwana Miti Mstaafu
Yanayozama njiani hayapotei, Banio. Yanakwenda wapi? Yanarudi chini ya ardhi na kutokeza huku chini. Kuna chemchemi zinaishi kwa uvujaji wa mifongo. Ukisakafia kila kitu unaokoa maji mlimani na kukausha chemchemi bondeni. Sijasema ndicho kilichotokea Rau. Nasema hesabu yako inaishia ukingoni mwa mfereji.

#16 Mbeba Boksi wa Birmingham
Natoka nje ya mada kidogo. Huku nilipo mifereji imejaa, wikiendi tunatembea kandokando yake hadi unatokea kwenye vijisitu vya mashambani. Lakini haimwagilii hata mchicha. Ilichimbwa kwa ajili ya mashua za makaa ya mawe, huu wa Birmingham ulianza kazi 1769. Mhandisi wao, James Brindley, hakuwa na zege: walikanyaga udongo wa mfinyanzi na maji mpaka ukawa uji mzito, wakapaka chini na kingo. Sehemu nyingi haivuji mpaka leo. Wakati mwingine walipitisha ng'ombe kuukanyaga.

#17 Kidato cha Nne C
Kwa hiyo tupeleke ng'ombe Mabogini?

#18 Mbeba Boksi wa Birmingham
Wapo tayari, ila wanakula mpunga.

#19 Kisiki cha Mpingo
Mnazunguka mbali wakati jibu mmelisema wenyewe kwenye #1. Msitu umeloa, mfereji mkavu: msitu ndio unaokunywa! Miti mikubwa ile kila siku inavuta maji ardhini na kuyatoa kwenye majani. Na mitiki je? Mingine ilipandwa na watu. Punguzeni miti muone maji.

#20 Bwana Miti Mstaafu
Nilikuwa nangoja nani ataleta hili. Ni kweli mti unavuta maji, sikatai. Lakini ukikata Rau, jua litapiga ile ardhi, maji yataondoka kwa mvuke vilevile, na tope lako litakuwa kichaka cha magugu. Tena hayo maji, kama alivyosema Banio kwenye #7, hayaendi kwenye mfereji hata usipokuwepo mti mmoja.

#21 Kisiki cha Mpingo
Kwenye #15 umesema maji ya ardhini na ya juu yanaungana. Kwenye #20 hayaungani. Chagua.

#22 Bwana Miti Mstaafu
Yanaungana huko mlimani, kwenye mwamba na mifongo. Mfereji wa zege uliopita juu ya tuta haunyonyi maji kutoka chini. Hakuna cha kuchagua.

#23 Kisiki cha Mpingo
Mto Rau je, unaolishwa pande zote? Nao uko kwenye tuta? Nangoja.

#24 Mtaveta Halisi
Hamjambo ndugu zetu. Sisi huku Taveta tuko na mambo hayohayo, mlima ni mmoja tu. Tuko na msitu wa Kitobo, mdogo, ambao unaishi kwa maji ya chini vilevile, na karibu nao chemchemi. Tena tuko na mfereji wa Njoro Kubwa unaomwagilia ndizi. Kukauka pia tunalia. Kwetu watu wanasema ni visima, kila mtu siku hizi anachimba borehole nyumbani. Nyinyi hamjachimba?

#25 Kidato cha Nne C
Kwa hiyo ile Njoro ya #7 iko Kenya???

#26 Mtaveta Halisi
Hapana bwana. Njoro ziko nyingi. Yenu ni ya Moshi, yetu ni ya Taveta.

#27 Fundi Pampu
Mtaveta kagusa kidonda. Moshi inakunywa chemchemi na visima. Mji wa miaka ya themanini si mji wa leo. Nyumba zimefika mahali palipokuwa mashamba, na kila geti lina tenki na kisima. Mimi ndiyo kazi yangu kufunga pampu, nisingepaswa kulalamika. Miaka ya nyuma upande fulani tulikuwa tunashusha pampu mita chache tu, sasa unaongeza mabomba. Lakini mbona msituni bado kuna tope? Hapo ndipo nadharia yangu inapochechemea.

#28 Mzee wa Uru
Nadharia nyingine iko juu ya vichwa vyenu, kwenye moto. Mlima uliwaka Oktoba 2020, ukawaka tena Oktoba 2022, na hiyo ni ile iliyotangazwa redioni. Kule juu, msitu wa mwisho kabla ya mawe ndio unaokamata ukungu: matone yanashika kwenye majani na ndevu za miti, yanadondoka. Ukiungua unaota vichaka, na kichaka hakikamati ukungu kama mti. Mimi hiyo nimeiona kwa macho, huhitaji kipimo. Tulipokuwa wadogo ule ukanda wa nusu maili pembeni mwa msitu ulikuwa wetu kwa kuni na majani, tangu wakati wa Mwingereza, na kila mtu alikuwa mlinzi. Msitu ulipoingizwa kwenye hifadhi ya taifa 2005, askari ni wao, moto ni wa nani?

#29 Kaa Chonjo
Mzee, na matambiko mmeacha. Semeni ukweli.

#30 Mzee wa Uru
Wengine wanaamini hivyo. Zamani mfongo haukufunguliwa bila mkuu wake kusema na wazee waliolala. Mimi ni mkristo, nasafisha mfereji kwanza.

#31 Sista wa Zahanati
Samahani nawakatisha. Mleta uzi, umesema umekanyaga maji. Na huo mfereji, siku ukijaa, usitumbukize miguu kupiga picha. Mifereji ya mpunga ukanda huo ina konokono wa kichocho. Ukianza kukojoa damu au tumbo kusumbua baada ya wiki kadhaa, kapime, usinywe dawa kwa kubahatisha.

#32 Kisiki cha Mpingo
Si anameza tu albendazo?

#33 Sista wa Zahanati
Albendazo ni ya minyoo ya tumbo. Kichocho kinatibiwa kwa prazikwanteli. Pima kwanza.

#34 Mbeba Boksi wa Birmingham
Na malaria je, majaruba yote hayo? Nilifikiri mpunga na malaria ni ndugu.

#35 Sista wa Zahanati
Hilo ndilo linawashangaza wengi. Watafiti walilinganisha vijiji vya Lower Moshi: kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi kuliko kijiji cha nyika kisichomwagiliwa, lakini malaria ilikuwa kidogo zaidi kwenye mpunga. Wanaotoa sababu wanasema mwenye mpunga ana hela ya chandarua na ya dawa mapema. Wengine wanasema mbu wa pale wanang'ata ng'ombe zaidi. Chandarua lala nacho hata hivyo.

#36 Mama Jaruba
Ng'ombe wangu anajua anachopitia.

#37 Banio la Zege
Narudi kwa Kisiki (#23). Mto Rau unalishwa na chemchemi na mvua za juu, sawa. Kinachofika kwenye banio ni baki baada ya kila mtu kuchukua. Ongeza mchanga: masika inashusha mchanga, unajaa kwenye mfereji, kina kinapungua, hata maji yakiwepo nusu yanamwagika kabla ya kufika mwisho. Mleta uzi alisema aliona nini chini? Mchanga. Mfereji wa miaka ya themanini, zege limepasuka sehemu nyingi, nyufa zinakunywa. Msilaumu mlima wakati koleo lipo.

#38 Wa Juu Kidogo
Leo umesema kitu. Kwanza tulikuwa sisi, sasa ni mchanga.

#39 Banio la Zege
Ni nyinyi NA mchanga.

#40 Fundi Pampu
Na chini ya mabanio yote hayo kuna bwawa la Nyumba ya Mungu linangoja maji lizungushe mitambo ya umeme, na mitambo mingine huko Hale na Pangani. Kwa hiyo hata mkulima wa mwisho wa mfereji kwa mtu wa bondeni ni "jirani wa juu". Ndiyo maana bodi ya maji ya Bonde la Pangani inadai vibali. Wangapi humu mna kibali?

#41 Wa Juu Kidogo
(kimya)

#42 Mama Jaruba
Kikundi chetu tunacho. Kibali kinasema kiasi cha maji tunachoruhusiwa. Mto haujasoma hicho kibali.

#43 Mzururaji wa Jumamosi
Picha zimekubali hatimaye. Ya kwanza mbega, ya pili mvule, ya tatu mfereji. Ya nne sijui ni mti gani, una mizizi kama kuta.

#44 Bwana Miti Mstaafu
Hiyo ya nne piga tena ukielekeza kwenye majani, shina peke yake halitoshi. Mbega mwangalie mkono: hana kidole gumba. Na mwambie bodaboda wako asimpe ndizi, huyo ni mla majani, anaumwa tumbo.

#45 Kisiki cha Mpingo
Kwenye picha ya tatu naona unyevunyevu kwenye ufa wa zege, kushoto. Banio, huo unatoka nje kuingia ndani au ndani kwenda nje?

#46 Banio la Zege
Picha haisemi. Inaweza kuwa mabaki ya zamu iliyopita.

#47 Kisiki cha Mpingo
Ya wiki iliyopita? Kwa jua la mwezi wa tisa?

#48 Mbeba Boksi wa Birmingham
Mama Jaruba, swali la tumbo. Nakuja Desemba. Mchele wa Mabogini bado ni IR54?

#49 Mama Jaruba
Wengi wamehamia IR64 na SARO 5. SARO unanukia, sokoni unakwenda haraka. IR54 ulikuwa unazaa kweli lakini wali wake watu wa mjini wanaudharau.

#50 Banio la Zege
Wanaoudharau hawajawahi kuula wa moto na maharage. Mchele ule ulijenga nyumba nyingi za bati pale.

#51 Wa Juu Kidogo
SARO wetu huku juu ni mzuri kuliko wenu, unapata maji yote. Njoo Desemba nikuuzie.